Tulimpambia chumba, naye akauza kochi

BARUA

Assalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama wa mtaani kwetu, Kisauni, Mombasa. Hatuko wengi, na fedha zetu ni za michango ya kila mwezi, pamoja na zaka na sadaka ambazo baadhi ya wafanyabiashara hutukabidhi, hasa Ramadhani inapokaribia. Mwaka jana tuliazimia kuwatoa barabarani kina mama wanaolala na watoto wao kwenye baraza za maduka. Wa kwanza tuliyemchagua ni mama wa watoto watatu ambaye tulikuwa tukimfahamu kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa akifika sokoni Kongowea alfajiri kuokota mboga zilizodondoka kwenye malori.

Tulimpatia chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji wengine watano, ambayo choo na bafu lake liko uani na ni la kushirikiana. Kodi ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Tulilipa dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza, kisha tukaingia kazi ya kukipamba chumba, na hapo kila mtu alitaka kuonyesha ukarimu wake. Kochi la watu watatu tulilinunua kwa shilingi 18,000. Mfadhili mmoja alitoa runinga. Kukawa na meza ya kioo, kabati la vyombo, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake, mapazia, zulia, na kitanda cha futi tano kwa sita pamoja na godoro lililokwisha kutumika, ambalo mwenzetu mmoja alikuwa amelihifadhi stoo. Siku ya kumkabidhi funguo tulipiga picha. Yeye alilia na sisi tukalia.

Kabla ya mwezi wa tatu kwisha, kochi halimo, runinga haimo, wala mtungi wa gesi haumo. Nilipomuuliza, alisema kwamba kochi aliliuza kwa shilingi 6,000 akalipa kodi aliyokuwa akidaiwa, na fedha za runinga alizinunulia karai, unga na mafuta ili akaange mahamri asubuhi. Kuhusu gesi alinyamaza. Lililotuumiza zaidi ni kwamba jirani yake anasema kitanda kile hakilaliwi: mama hulala sakafuni na wanawe, karibu na mlango, na taa huwaka usiku kucha.

Wenzangu wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba hana shukrani, na kwamba mtu aliyezoea barabara haiwezi nyumba. Wako wanaotaka familia ya pili, ambayo tunatarajia kuihamishia chumbani mwezi ujao, itie sahihi karatasi ya kukiri kwamba vyombo ni mali ya chama na haviuzwi. Yule mfadhili wa runinga naye anataka apelekewe picha za chumba kila mwezi ili ahakikishe kuwa mali yake haipotei. Mimi niko katikati, na ufunguo wa sanduku la fedha uko kwangu. Niwaambie nini wenzangu, na huyu wa pili tumpe vyombo gani?

Mweka hazina, Kisauni

MAJIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Nianze na hiyo tuhuma ya kukosa shukrani, kwa sababu ndiyo inayowagawa. Mama huyu ameuza vitu, na ulipomuuliza alikueleza ameuza kwa kiasi gani na fedha zimekwenda wapi. Kodi imelipwa na karai limenunuliwa. Mtu ambaye hana akiba popote, akiba yake ni kile kitu kilichomo chumbani ambacho kinaweza kupata mnunuzi kabla ya jua kuchwa. Mlimpa runinga akaigeuza mtaji wa mahamri. Ningekuwa mimi ndiye mfadhili wa runinga hiyo, ningehesabu kwamba sadaka yangu imekwenda mbali kuliko nilivyoipeleka.

Sasa tazama hesabu ya kochi, wewe ambaye vitabu viko mkononi mwako. Shilingi 18,000 ni kodi ya miezi mitano ya chumba kile, na zinabaki shilingi 500. Nyinyi mlilipa mwezi mmoja tu, mkamwachia miezi mingine mitano ikiwa katika umbo la kitu cha kukalia, naye alipodaiwa ilimbidi aibadilishe irudi kuwa kodi kwa hasara ya shilingi 12,000. Hata hizo 6,000 hazikutosha miezi miwili. Hasara hiyo haikusababishwa na tabia ya mama. Ilikuwa tayari imeshaandikwa katika mpangilio wa matumizi yenu siku mlipoamua kiasi gani kiende kwa mwenye nyumba na kiasi gani kiende kwa fundi wa makochi. Kwa familia ya pili, ushauri wangu wa kwanza ni huo: tengeni kodi ya miezi mitatu au minne kabla hamjanunua hata kijiko, na mwombeni mwenye nyumba awape risiti ya kila malipo kwa jina la mpangaji, si kwa jina la chama.

Kuna sababu nyingine ya kuitanguliza kodi. Kenya ina sheria, Sura ya 293, inayompa mwenye nyumba njia ya kukamatisha vyombo vya mpangaji anayedaiwa, mradi kazi hiyo ifanywe na dalali mwenye leseni na si kwa mwenye nyumba kuvunja mlango mwenyewe. Mitaani kwetu wako wanaovunja mlango hata hivyo. Kwa vyovyote vile, chumba kilichojaa samani huku kodi haijalipwa ni chumba ambacho vyombo vyake vinangojea kubebwa na mtu mwingine, na pengine mama wa watoto watatu aliliona hilo mapema kuliko kamati yenu.

Kuhusu gesi, usimlazimishe kusema. Mtungi wa kilo 6 ni kitu kizuri kwa mwenye mshahara, kwa sababu ukiisha hutakiwa utoe fedha za kuujaza zote kwa mara moja. Anayepata riziki yake kwa siku hununua nishati yake kwa siku pia: mkebe mmoja wa makaa leo, mwingine kesho. Mtungi ulipoisha mara ya kwanza, ninavyokisia, haukuwa tena jiko bali chuma kilichokaa pembeni. Huyu wa pili mnunulieni seredani iliyo madhubuti, na kama baadaye mwenyewe ataomba gesi, hiyo itakuwa dalili kwamba biashara yake imetulia. Ila mwelezeni wazi, na mrudie kumweleza msimu wa mvua za Mei unapoingia, kwamba seredani haipikiwi chumbani mlango ukiwa umefungwa wala haiingizwi ndani na makaa yake mekundu ili kupasha chumba au kukausha nguo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu huuawa nayo wakiwa usingizini. Uani ndipo pa kupikia.

Nije kwenye kitanda. Umeniandikia kwamba godoro lilikuwa limetumika na likahifadhiwa stoo, kisha mistari michache baadaye ukaniandikia kwamba halilaliwi. Kabla hamjasema neno lolote kuhusu mazoea ya barabarani, nendeni mkalifunue godoro lile kwenye mishono na mkaangalie nyufa za mbao za kitanda. Kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kuonja damu, kwa hiyo stoo haimuui. Kulianika godoro juani asubuhi moja kunawatoa baadhi na kuwaacha walioko ndani kabisa. Shuka na nguo husalimika zikifuliwa kwa maji ya moto wa nyuzi 60 hivi, lakini godoro la sponji likishavamiwa, fedha za kuhangaika nalo ni afadhali ziongezwe zikanunue jingine. Mama ambaye amepewa kitanda mbele ya kina mama kumi wanaotokwa na machozi hawezi kurudi kesho yake kuwaambia kwamba kina kunguni. Atanyamaza na kutandika chini.

Kama kitanda ni kisafi, basi yako maelezo mengine, na mojawapo ni la kawaida kabisa: chumba chenye paa la mabati Mombasa huwa tanuri mwezi wa Februari, na sakafu ya saruji karibu na mlango ndipo penye ubaridi. Wangapi kati yetu hatujashuka kitandani usiku tukatandika mkeka?

Lakini sitaki kulikwepa lile mnalolihofia. Mtu aliyelala nje kwa miaka, hasa mwanamke mwenye watoto, amejifunza kulala nusu jicho, mahali ambapo anamwona anayekuja na anaweza kukimbia. Akiingizwa chumbani, ule ukimya na zile kuta nne humtisha kwanza kabla ya kumtuliza. Wanaofanya kazi ya kuwahamishia watu majumbani katika nchi nyingi wanaijua hali hiyo ya kulala sakafuni, mlangoni, taa ikiwaka, na hawaihesabu kuwa dalili ya kushindwa. Huisha polepole kwa wengi. Kinachoisaidia iishe si maneno bali komeo imara la ndani na kufuli mpya ambayo ufunguo wake hauko kwa mtu mwingine yeyote, wakiwemo wanachama wenu. Katika orodha uliyonitajia kuna zulia na mapazia, na sikuona kufuli.

Kwa hao wanaosema kwamba aliyezoea barabara haiwezi nyumba, wakumbushe kwamba hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini Kenya, na kaunti ya Mombasa ilikuwa ya pili baada ya Nairobi ikiwa na zaidi ya 7,500. Idadi hiyo si kabila la watu walioumbwa kwa ajili ya baraza za maduka. Hadi mwaka 1997 sheria yetu yenyewe ilimhesabu mzururaji asiye na makao kuwa mkosaji, na ingawa sheria hiyo imefutwa, naisikia bado inasemwa katika vikao vya watu wema. Kwingineko fikra hiyo imeshajaribiwa ikaonekana haina nguvu. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza New York kuwapa makao watu waliokuwa wakilala mitaani, wengi wao wakiwa na maradhi ya akili, bila kuwataka kwanza wathibitishe kwamba wamestahili. Wengi wao walibaki majumbani. Ufini ikaufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa sera ya nchi kuanzia 2008. Nchi hizo zina fedha ambazo nyinyi hamna, lakini swali la kama mtu anaiweza nyumba halikuwa swali la fedha.

Karatasi ya kutia sahihi siiafiki, nami nina hoja mbili. Ya kwanza ni ya desturi zetu wenyewe. Binti anapoolewa, jamaa humchangia vyombo: mmoja huleta kitanda, mwingine seti ya sufuria, mwingine masinia, na shangazi hujulikana kwa kile alichokitoa. Nani amewahi kumwekea bibi arusi karatasi atie sahihi kwamba hatauza kabati? Akiliuza tutasikitika, pengine tutamsema, lakini hakuna atakayedai kwamba kabati halikuwa lake. Mama huyu wa pili anaanza nyumba, naye anastahili kuanza kwa heshima ileile.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kwa chama chenu, kwa sababu umetaja zaka. Aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba imewataja kwa makundi wanaostahiki kupewa, na wanachuoni wengi wanashikilia kwamba fukara na maskini hawapewi zaka kwa kuazimwa, bali humilikishwa kile wanachopewa kikawa chao. Ikiwa kochi lilinunuliwa kwa fedha za zaka, basi karatasi inayosema kwamba bado ni mali ya chama haimbani mama tu, inawatia mashakani hata nyinyi kuhusu amana ya yule aliyetoa zaka yake. Nenda na wenzako kwa sheikh wenu mumuulize kabla ya kikao kijacho. Mkiwa na kitu ambacho kweli mnataka kibaki cha chama kihudumie familia moja baada ya nyingine, kwa mfano cherehani au mkokoteni, kinunueni kwa michango ya wanachama, kiiteni azima tangu siku ya kwanza, na msikichanganye na vyombo vya nyumba.

Picha za kila mwezi zikatae, tena kwa upole lakini bila kuzungukazunguka. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inaitambua picha ya mtu kuwa taarifa yake binafsi, na kwa watoto inahitajika ridhaa ya mzazi. Ridhaa ya mama anayeamini kwamba akikataa atapoteza chumba si ridhaa. Mfadhili ana haki ya kujua fedha zake zilikwenda wapi; mpeni risiti, na mkipenda mpigieni picha kitanda kikiwa bado kwa seremala. Kikishaingia chumbani, kimeingia chumbani kwa mtu. Akisema kwamba hatatoa tena kwa sababu hiyo, mwachieni nafasi yake, na msimtangaze.

Umeniuliza mumpe vyombo gani. Jibu langu si orodha, kwa sababu orodha ndiyo iliyoleta meza ya kioo katika chumba chenye watoto watatu. Toronto kuna shirika liitwalo Furniture Bank, lililoanzishwa mwaka 1998, ambalo hukusanya samani kutoka kwa watu na kuwagawia wanaotoka katika hali ya kukosa makao. Wanaosaidiwa hutembea wenyewe miongoni mwa samani wakachagua watakachokwenda nacho. Nyinyi hamhitaji ghala. Mnahitaji kumchukua mama wa pili siku moja, mkiwa naye wawili tu na si kumi, mwende Kongowea kwa mitumba na kwa mafundi wa mbao, mkiwa mmemwambia tangu nyumbani kiasi cha fedha mlicho nacho. Mkimficha kiasi atachagua cha chini kwa haya, na mtarudi mmenunua mnachokitaka nyinyi.

Yako mambo machache ambayo ningeyashikilia hata kama hakuyataja, kwa sababu huenda asijue kwamba inaruhusiwa kuyaomba. Godoro liwe jipya, hata kama litakuwa jembamba na kitanda kitangoja mwezi ujao. Chandarua kiwepo tangu usiku wa kwanza, maana pwani ni kanda ya malaria, na kama ana mimba au mtoto mchanga aulizie kliniki, kwani vyandarua vilivyotiwa dawa hutolewa huko bila malipo. Maji yanahitaji vyombo vyake peke yake: madumu mawili au matatu ya lita 20, ndoo yenye mfuniko kwa maji ya kunywa, na kata, kwa sababu nyumba nyingi za Kisauni hutegemea kisima cha maji ya chumvi kwa kuogea na kufulia, na maji matamu hununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Ongezeni sanduku dogo la bati lenye kufuli. Mtu anayelala nje hupoteza kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki kila mvua inaponyesha au kila askari wanapofanya msako, na kuvipata upya kunagharimu siku nyingi za kupiga foleni. Sanduku hilo, ambalo halipendezi pichani, huenda likawa na thamani kuliko kabati. Samani za mbao za kubandika, zile za unga wa mbao, msinunue hata zikiwa rahisi, kwa kuwa unyevu wa bahari huzifumua upesi. Sufuria, sinia, mwiko na mbuzi ya kukunia nazi, hayo mwachieni achague yeye, na mtaona atakavyochelewa mbele ya sufuria akizigongagonga.

Yule mama wa kwanza msimwache. Mpelekeeni godoro jipya bila hotuba, muulizeni kodi ya mwezi huu imefikia wapi, na mumuulize mahamri yanakwendaje. Kisha mwombeni awe mmoja wa hao wawili watakaomsindikiza mwenzake Kongowea, na mumlipe nauli na muda wake kama mnavyoweza. Katika chama chenu chote hakuna anayejua kuliko yeye ni kipi kati ya vitu mlivyonunua kilichotumika.

Kuhusu kikao, usiwaambie wenzako wachague kati ya huruma na ukali. Wawekee mezani swali moja: kati yenu, ni wawili gani watakaomtembelea mama wa pili mara moja kwa wiki kwa miezi sita, wakibisha hodi na kungoja kukaribishwa, bila kuhesabu vyombo? Pateni majina hayo mawili kabla ya kununua chochote. Mkiyakosa, ahirisheni kumhamisha hadi yapatikane, na fedha alizotengewa ziwekwe upande wa kodi yake.